Redio za AM Marekani zinavyopumulia FM ya wati 250 (uzi mrefu, vuta kiti)

FundiMnara

Wakuu salaam. Kuna mdau alinifuata inbox anauliza hivi kweli mtu anaweza kuwa na redio ya biashara ya FM Marekani kwa transimita ya wati 250 tu, maana kaona video ya jamaa anauza "FM translator" anasema ni shoti kati ya kumiliki redio. Nikaanza kumjibu nikaona jibu linakuwa refu kuliko barua ya mirathi, bora nilimwage hapa wote tufaidi.

Kwanza nijitambulishe kidogo kwa wasionijua. Nipo Iowa, huku kwenye mahindi, mchana nafanya kazi ya umeme kwenye maghala ya nafaka, na pembeni nina kibarua kwenye redio moja ya mji mdogo (jina sitaji, mji nao sitaji, mkianza kuguglu mtanikuta). Redio yenyewe ni ya mzee mmoja na mke wake. Ni AM, mchana wana wati 500, usiku leseni inawaruhusu wati 12. Ndio, kumi na mbili, hujasoma vibaya. Balbu ya jikoni inakula umeme kuliko hiyo.

Sa utauliza kwanini usiku wabanwe hivyo. Wale wenzangu mliokulia enzi za RTD (Radio Tanzania Dar es Salaam) mtanielewa haraka. Unakumbuka usiku ukizungusha kile kidude cha redio ya betri sita kwenye masafa ya kati, unakamata stesheni za mbali huko zinaongea lugha usizozijua, na asubuhi ukirudi palepale hamna kitu? Mchana kuna tabaka la chini la hewa yenye chaji huko juu linayatafuna mawimbi ya AM yanayopanda, kwahiyo yanabaki yale yanayotambaa ardhini tu. Jua likizama lile tabaka linapotea, mawimbi yanapanda zaidi yanadunda yanarudi chini mamia ya kilomita mbele. Sasa Marekani wana stesheni za AM zaidi ya 4,000 zimerundikana kwenye masafa machache, usiku zote zikiachwa na nguvu zake itakuwa soko la Kariakoo siku ya sikukuu. Ndo maana FCC (mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, TCRA yao hao) inawaambia wadogo jua likizama nao wazime, au washushe wati.

Kwa Iowa hiyo maana yake Desemba jua linazama saa kumi na nusu na kitu jioni. Saa kumi na nusu! Watu ndo wanatoka kazini wako kwenye magari, yaani saa ambayo redio inauza matangazo kuliko saa zote, wewe ndo unafunga duka.

Hapo ndo transleta inapoingia.

FundiMnara

Naendelea. Transleta asili yake haikuwa ya biashara hii kabisa. Marekani waliiruhusu 1970, kazi yake ilikuwa kuwasaidia watu walioko nyuma ya mlima au bondeni. Unaweka mashine kileleni, inakamata FM ya mjini kwenye masafa yake, inairusha tena kwenye masafa mengine kwa nguvu ndogo. Jina lenyewe linasema, inatafsiri masafa. Haina studio wala mtangazaji, haina sauti yake. Kasuku.

Na hadi leo kisheria ni kasuku. Huruhusiwi kurusha kipindi chako mwenyewe kwenye transleta, lazima iwe na redio mama inayoirudia. Nguvu mwisho wati 250. Na ni daraja la pili, maana yake ikimsumbua mwenye leseni kamili yeyote, we ndo unapisha. Kama bajaji mbele ya treni.

Mabadiliko makubwa yalikuja 2009, FCC ikaruhusu redio za AM nazo zirudiwe na transleta za FM. Halafu 2015 wakaja na mpango wa kuifufua AM, na 2016 wakafungua dirisha ambalo mwenye AM aliruhusiwa kununua transleta iliyopo popote ndani ya maili 250, kama kilomita 400, akaihamishia kwake. Jamani ile ilikuwa vurugu. Transleta iliyokuwa inalala huko porini inarudia mahubiri kwa ng'ombe, ghafla ina bei. Baadae 2017 na 2018 wakafungua madirisha mengine ya kuomba mpya kabisa kwa ajili ya AM. Mzee wangu huyu alinunua kwenye lile la 2016, anasema alitoa hela kwa mkono unatetemeka.

Siku ya kwanza kuiwasha mimi nilikuwepo. Transimita yenyewe ni kiboksi cha kuingiza kwenye raki, ukubwa kama deki za zamani zile za mikanda, kina feni mbili nyuma zinalia ziiii. Waya mnene mweusi unapanda mnarani, juu huko kuna antena mbili za umbo kama pete iliyovunjika. Basi. Mzee akabonyeza, sindano ikapanda, tukatoka nje kwenye pikapu lake kusikiliza. Mkewe akatoka mlangoni amejifuta mikono na aproni, akasimama, akasema "it's so clean". Miaka zaidi ya 30 anasikiliza redio yake mwenyewe kupitia mkwaruzo.

mtoto_wa_chumbageni

Mkuu una madini. Ila sijaelewa kitu kimoja, wati 250 si zinaishia hapo hapo mjini? Wati 500 za AM si zilikuwa zinaenda mbali zaidi? Sasa amepanua nini?

FundiMnara

@mtoto_wa_chumbageni hapo umegonga penyewe, na ndo kitu ambacho wauza transleta hawakwambii.

Kwa kilomita hajapanua chochote. AM mchana kwenye udongo wa Iowa inatembea vizuri sana, udongo mweusi wenye unyevu unapitisha mawimbi kuliko kule kwenye mawe na mchanga (maji ya bahari ndo kiboko kuliko vyote). Wati 500 mchana inafika wilaya kama nne tano. FM ya wati 250 kwenye mnara wa kawaida unaongelea kilomita 15, 20 kwa redio ya gari, baada ya hapo kilima kimoja tu kwisha habari. Na sheria inasema eneo la transleta lisitoke nje ya eneo la AM yenyewe la mchana, au duara la maili 25 kutoka mnara wa AM, lolote lililo kubwa. Zamani ilikuwa lililo dogo, wakalegeza 2017.

Kwahiyo alichopanua ni MASAA. Na masikio. Redio iliyokuwa inakufa saa kumi na nusu sasa inaishi saa 24, tena kwenye FM ambako vijana wapo. Kijana wa miaka 20 wa huku ukimwambia weka AM anakuangalia kama umemwambia aandike telegramu.

Nikupe mfano mmoja. Huku kila Ijumaa ya Septemba hadi kuanza Novemba ni mpira wa sekondari, ule wao wa kofia ngumu. Mji mzima unahamia uwanjani, na asiyekwenda anasikiliza. Mechi inaanza saa moja usiku. Kabla ya transleta redio ya mji ilikuwa haiwezi kuutangaza mpira wa mji wake kwa maana yoyote, wati 12 zile zinaishia getini. Sasa hivi mpira wa Ijumaa ndo unalipa mishahara. Mwenye duka la matairi, wakala wa bima, benki ya mtaa, nyumba ya mazishi, wote wanadhamini. Asubuhi wanasoma bei za mahindi na soya kutoka soko la Chicago, saa nne kuna kipindi watu wanapiga simu kuuza vitu vyao, friji, mbwa, trela, halafu matangazo ya vifo. Nikisikia yale ya vifo nakumbuka RTD nyumbani bibi anatunyamazisha wote, "kimya, wanasoma vifo".

Mzee Kifimbo

Matangazo ya vifo RTD ndio ulikuwa mtandao wetu wa kijamii 😂 ukisikia "popote pale alipo" unakaa vizuri.

Kijana swali langu, kwa nini asiizime hiyo AM kabisa abaki na FM? Umeme wa bure anaula wa nini.

FundiMnara

Shikamoo mzee wangu. Hilo swali ndo utamu wa uzi wote.

Hawezi. Leseni halisi ni ya AM. Transleta ni mtoto wa mgongoni, mama akilala chini na mtoto analala. AM ikinyamaza, FM nayo inatakiwa inyamaze. Kuna unafuu kwa zile AM za mchana tu, ambazo usiku hazina ruhusa kabisa, transleta inaendelea usiku ilimradi AM iliwaka muda wowote ndani ya masaa 24 yaliyopita. Lakini AM kufa moja kwa moja, hapana.

Sasa angalia vituko. Kwenye jengo, kwenye fulana, kwenye gari la redio, wameandika masafa ya FM kwa herufi kubwa kama la duka. Ya AM yameandikwa chini kabisa kidogo utafikiri masharti ya mkopo. Wasikilizaji nusu hawajui kama kuna AM. Lakini ule mnara wa AM ulioko shambani, na zile waya za shaba zilizofukiwa chini kuuzunguka kama miale ya jua, na bili yake ya umeme, ndo unaoifanya ile FM iwe halali. Unamlisha mzee kitandani ili nyumba isiuzwe.

Na hii si nadharia. Februari 2024 kuna redio Jasper, Alabama, WJLX ya 1240 AM, iliripotiwa kuwa mnara wake wa futi 200 umeibiwa. Mnara! Mita 60 za chuma. Jamaa waliokwenda kufyeka nyasi ndo wakakuta hamna kitu, waya zimekatwa na transimita haipo. Dunia nzima ilicheka, lakini mimi kilichonigusa ni kilichofuata: FM yao ya 101.5 ilikuwa nzima kabisa, iko sehemu nyingine, inafanya kazi. Wakaomba FCC waachiwe waendelee na hiyo wakati wanatafuta mnara. FCC ikakataa, transleta haiwezi kusimama bila mama. Ikabidi wazime.

Mzee wangu alivyosoma ile habari kesho yake akaenda kufunga mnyororo mpya kwenye geti la shamba.

binti_kurasini

Kuiba mnara wa mita 60 hata Tandale wangekuvulia kofia 🙌🏾

Ila mkuu mbona hapa bongo redio moja ina masafa kila mkoa, Dar hivi, Mwanza vile, Mbeya vile. Si transleta hizo hizo?

FundiMnara

@binti_kurasini hapana dada angu, zinafanana kwa nje tu. Za bongo ni transimita kamili, kila masafa yameombewa TCRA kama kituo, zinalishwa kutoka studio kwa satelaiti au intaneti, na leseni zenyewe zinagawanywa kitaifa, mkoa, wilaya na jamii. Ukiwa na leseni ya kitaifa unatarajiwa kusambaa.

Huku redio ya biashara haina uhuru huo wa kujitanua kwa transleta. Sheria yao kwa FM za biashara iko hivi: ndani ya eneo lako, kuziba mashimo, ruksa, na unaweza kuilisha kwa njia yoyote ya ardhini. Nje ya eneo lako, transleta isiwe mali yako na usimpe mwenye nayo hata senti ya kuiendesha, halafu lazima ikamate mawimbi yako hewani moja kwa moja, hakuna kupitisha intaneti wala satelaiti. Kwa kifupi wamekuziba. Waliofaidi kusambaa nchi nzima ni mitandao isiyo ya biashara, hasa ya dini, maana wao chini ya 92 FM kwenye sehemu iliyotengwa wanaruhusiwa kulisha transleta zao kwa satelaiti. Dirisha la maombi la 2003 lilipofunguliwa yaliingia maombi zaidi ya 13,000, FCC wakakaa nayo miaka. Leo ziko transleta zaidi ya 8,000.

Lakini mjanja hakosi. Makampuni makubwa yaligundua hivi: FM yao kubwa ina HD, yaani dijitali inayobeba chaneli za ziada, HD2, HD3. Redio zenye HD watu wachache wanajua hata kuzitumia. Wakachukua transleta wakaifunga "kurudia" ile HD2. Kwenye karatasi ni kurudia. Kwenye masikio ya msikilizaji ni stesheni mpya ya FM mjini, ina jina lake na jingo na muziki wake, na mwenye nayo hajanunua leseni kamili ya FM ya mji mkubwa ambayo ni mamilioni ya dola. Mimi sipendi, naona dawa ya mgonjwa imeuzwa kwa mzima. Ila siwezi kusema wamevunja sheria.

Na kama unataka kuzitambua ukiwa huku, angalia jina lake. Redio kamili ina herufi tupu, transleta ina K au W, namba tatu, herufi mbili. Namba ni ya chaneli: 201 ni 88.1, kila moja inaongeza 0.2, hadi 300 ambayo ni 107.9. Ukiona K263 fulani ujue ni 100.5.

kiroboto_sugu

Story nzuri ila mnazipamba sana. Mimi nipo Texas, hizo transleta ni kero tupu, kila nikiendesha nusu saa zinapigana, moja wimbo wa kanisa moja tangazo la trekta. Bora wangeziacha AM zife tu kwa heshima. Gari langu lenyewe la umeme halina AM.

FundiMnara

@kiroboto_sugu sibishi kuhusu kupigana. Mimi yamenikuta.

2021 tulipata barua. Kuna stesheni kubwa huko mbali, masafa yale yale na ya transleta yetu, wakasema wasikilizaji wao wanaoishi upande wetu tunawaharibia. Sheria ya sasa, ya 2019, inataka malalamiko ya wasikilizaji halisi, wasiwe na maslahi ya kifedha na hiyo redio, kuanzia 6 hadi 25 kutegemea watu wako wangapi eneo hilo, na wawe ndani ya mstari fulani wa nguvu ya mawimbi, nje ya hapo hausikilizwi. Kabla ya hapo ilikuwa mtu mmoja popote akilalamika unazimwa. Wenzetu walileta majina ya kutosha. Nilikaa na ramani usiku mzima nikitafuta pa kuwakatalia, wawili nikawapata wako nje ya mstari, lakini waliobaki walitosha.

Kitu kizuri cha sheria hiyo hiyo ni kwamba transleta inayosumbua inaruhusiwa kuhamia masafa yoyote yaliyo wazi badala ya kufa. Tukahama. Kiufundi ilikuwa kazi ya siku moja, nibadilishe namba kwenye transimita, nipande kurekebisha antena, nipime. Lakini fulana mzee alikuwa ametoka kuchapisha boksi tatu za masafa ya zamani. Mpaka leo zipo stoo, mimi ninayo ya kuoshea gari. Jingo zote zikarekodiwa upya. Na kuna bibi mmoja alipiga simu miezi minne mfululizo akiuliza redio imeenda wapi, kila akielekezwa anasahau, mwisho mzee akaenda mwenyewe kwake kumwekea.

Kuhusu gari la umeme, ni kweli motori na chaja zake zinapiga kelele kwenye AM ndo maana watengenezaji wengine wameitoa. Ford walitangaza kuitoa wakarudi nyuma 2023 baada ya kelele. Hata nyumbani, chaja za simu na balbu za LED za bei chee zinaichafua. AM haijafa kwa uzee, imezungushiwa kelele.

Bukavu Wetu

Jambo bandugu. Miye niko hapa Cedar Rapids, nasoma hii uzi polepole juu Kiswahili ya Tanzania iko nguvu 😅 Ulizo yangu ni moja tu. Siye Bakongomani tuko wengi huku Iowa, bamama banapenda radio sana. Tunaweza kununua hiyi transleta tuweke radio yetu ya Kiswahili? Kuko baba moja alituambia iko rahisi.

FundiMnara

Karibu sana ndugu yangu, jirani kumbe. Huyo baba asiwatoe hela zenu kwanza.

Mkinunua transleta peke yake mmenunua kasuku asiye na mtu wa kumuiga. Hamruhusiwi kurusha kipindi chenu humo. Njia ziko kama tatu. Ya kwanza ni kukodi muda kwenye AM iliyopo yenye transleta, saa moja au mbili kwa wiki, mnalipia, mnatafuta wadhamini wenu, maduka yetu ya vyakula, wasusi, wenye mabasi ya safari. Hii ndo ningeanza nayo mimi. Ya pili ni kukodi HD2 ya FM yenye transleta tayari, hiyo inaongea hela ndefu. Ya tatu ni LPFM, redio ndogo ya jamii ya wati 100, hii inaruhusiwa kuwa na studio na vipindi vyake, lakini lazima muwe shirika lisilo la faida na matangazo ya biashara hakuna, kutaja mdhamini tu. Tatizo lake dirisha la kuomba linafunguka kwa nadra, lilifunguka 2013, likaja tena Desemba 2023. Hapo katikati mtoto anazaliwa anaingia darasa la tano.

Mzee wangu Jumapili jioni ana masaa matupu anacheza muziki wa kanda tu. Nikimwambia wapo watu wanataka kulipia muda huo atapika keki. Ila transleta yetu haifiki Cedar Rapids, nakwambia ukweli mapema. Tafuteni AM ya huko huko, mimi naweza kuwasaidia kusoma ramani yao kama inafika mitaa mnayokaa.

Mzee Kifimbo

Na hiyo ya kurudia masafa yale yale, tulikuwa tunaita boosta, ni kitu hicho hicho?

FundiMnara

Hapana mzee, boosta inarusha masafa yale yale ya mama, transleta inabadili. Boosta nazo zimepata jambo lake, 2024 FCC imeruhusu ziwe na maudhui yake dakika tatu kila saa, yaani tangazo la mtaa huu tofauti na mtaa ule kwenye redio moja. Nitaeleza vizuri, nina maoni yangu hapo.

Ila sasa hivi nakatisha wakuu, simu imeingia. Transimita imejishusha yenyewe kutoka 250 mpaka 40. Ni Januari, usiku imenyesha mvua inayoganda, barafu imezishika zile pete za antena juu, umeme unarudishwa chini badala ya kutoka, mashine inajilinda. Leo jioni kuna mechi ya kikapu. Naenda.

binti_kurasini

Utapanda mnara kwenye barafu???

mtoto_wa_chumbageni

Tumekaa hapa. Rudi na picha.

FundiMnara

Nimerudi. Sikupanda, sina wazimu, vipande vya barafu vilikuwa vinadondoka kama sahani. Nimekaa kwenye pikapu na mzee tunakunywa kahawa tunaangalia namba kwenye simu, 40, 55, 55, 90. Jua lilipotoka saa saba mchana ikaanza kupanda yenyewe, saa tisa tukawa kwenye 240. AM muda wote ilikuwa inaendelea kama hamna kilichotokea, wala hakuna aliyepiga simu kusema anaisikiliza.

Picha nimepiga moja, simu iliganda kabla ya ya pili. Bukavu Wetu nicheki inbox.